Usajili wa jembe, Heru Juu

Jamani, nani kavujisha siri ya usajili wetu?

Straika tunayemtaka kwenye timu ya chuo anaishi Heru Juu. Juzi kocha alienda kumwomba kwa mama yake. Mama akamjibu, "Kwanza mnipalilie maharage."

Basi leo asubuhi timu nzima tukapanda bodaboda, majembe mkononi.

Kufika, tunakuta watani wetu wa chuo cha jirani wako shambani. Wameshamaliza nusu!

Nahodha wao anacheka: "Karibuni, upande ule ni wenu."

Tukalima. Hata salamu hatukupeana.

Tulipomaliza nikauliza, "Mama, kwani mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko Kibondo tangu jana. Kuna chuo huko kimeshamsajili."

Nyie wa Kibondo, hebu semeni ukweli: mlilima nini?