Maziwa niliyachanganya mie, lawama akabeba mama mkwe wangu

Admin, nifichie jina langu tafadhali. Pemba ni ndogo na tunajuana.

Mie ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nasomesha skuli moja hapa Wete. Mwanangu wa kwanza alipotimiza miezi minne nilirudi kazini, na mama mkwe wangu akaja kutoka Kisiwa Panza kukaa naye. Kila asubuhi nakamua maziwa, natia kwenye chupa, naweka ndani ya friji. Mtoto akiamka, bibi yake anampashia. Na yule mama ni msafi, jamani. Chupa anaikosha, anaichemsha, kisha anaichemsha tena.

Siku moja nilichelewa. Ndani ya friji mlikuwa na maziwa ya jana, na chupa nyengine aliyonyonya mtoto akabakisha nusu. Maziwa yangu yalikuwa yakitoka kwa tabu, nikaona uchungu kumwaga. Nikamimina yote pamoja, na yale niliyokamua muda ule ule, bado yana joto, nikayatia juu yake. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Nilijua, maana taa ya friji haikuwaka nilipofungua. Nikafunga mlango, nikaenda zangu kazini.

Jioni mtoto akaanza kuharisha na kutapika. Kufika asubuhi macho yameingia ndani, hata kulia hawezi. Tukamkimbiza hospitali.

Nesi akauliza maziwa tunayawekaje. Akatufahamisha: mapya yapoe kwanza kwenye friji ndipo yachanganywe na ya zamani, na muda uhesabiwe kwa yale ya zamani. Mtoto akishanyonya chupa, yanayobaki yasirudishwe kuwekwa. Umeme ukikatika muda mrefu, usiyaamini tena. Kila neno lilinichoma, kwa sababu yote nilikuwa nimeyafanya.

Mume wangu akamgeukia mamaake. "Mama, umempa nini mwanangu?"

"Nimempa yaliyokuwemo kwenye chupa, baba."

"Na chupa uliikosha?"

Mama wa watu aliitazama mikono yake, kama anayejiuliza. Mie nilikuwa pale pale, nimemshika mtoto mkono wenye dripu. Sikufungua mdomo.

Mtoto alipona, alhamdulillahi. Mama mkwe akafunga kanga zake akarudi kwao, na mume wangu hakumsindikiza.

Sasa mtoto ana miaka mitatu. Mwezi uliopita tulikwenda Panza kwa msiba, mtoto akamkimbilia bibi yake na kipande cha muhogo, anataka bibi amlishe. Bibi akarudi nyuma, mikono kaificha ndani ya kanga. "Mpe wewe, mwanangu," akaniambia. "Mie mikono yangu haina amani."

Tangu siku hiyo sili nikashiba. Nikisujudu naiona ile mikono. Na sasa nina mimba ya miezi saba, na mume wangu keshasema, "Safari hii mama hamgusi mtoto." Mie nikaitikia, "Haya."

Ndugu zangu, yule mama ni mtu mzima na anaumwa presha. Naogopa asije akafa huku akiamini alitaka kumuua mjukuu wake. Nikisema, mume wangu atanitazama vipi, mie niliyemwacha amdhalilishe mamaake mbele ya watu? Nianze kumwambia nani, yeye au mama? Na neno la kwanza niseme nini? Nisaidieni, kabla sijajifungua.