Maneno ya Bi Wietske Yachezewa Kamba

Bi Wietske Hoekstra wa mji wa Sneek alikuwa na kazi ambayo ukimweleza mtu mwenye akili zake atadhani unamtania: kuwasomea watoto maneno yasiyo na maana, balopi, tirugafe, halafu kuhesabu wameyashika mangapi. Chuo kikuu kilichomwajiri kilitaka kujua kama wasioona hukumbuka sauti kuliko wanaoona. Shule kumi na tisa alishazizungukia kwa baiskeli. Hii ilikuwa ya mwisho, na karatasi zilitakiwa jioni hiyo hiyo.

Asubuhi akaanza na Jildou, msichana wa miaka saba asiyeona tangu kuzaliwa. Jildou akayarudisha maneno yote arobaini, na kikohozi cha Bi Wietske juu yake.

"Kikohozi hakihesabiwi, mwanangu."

"Basi usikohoe, mwalimu."

Baada ya mapumziko wakaanza kuingia wanaoona. Hidde akapata yote. Aliyemfuata, yote. Sytske hakungoja hata kusomewa. Alianza peke yake, mkate wa chembe za chokoleti ungali mdomoni.

"Nani kakufundisha wewe?"

"Si ndiyo ya kuruka kamba hayo, mwalimu? Ukikosea unatoka."

Bi Wietske akafungua dirisha. Uani, Jildou alikuwa bado anazungusha kamba na kutaja maneno kwa mpangilio ule ule, na wote wanaongoja zamu ya kupimwa wanaruka.

"Jildou, nani alikwambia uyatoe nje?"

"Wewe. Ulisema, 'Sikiliza vizuri, halafu uyaseme.' Halafu ukasema, 'Haya, nenda kacheze.'"

Na kweli alisema hivyo hivyo, neno kwa neno. Miaka sita kazini, na bado anampima kwanza mtoto mwenye kichwa kama kile, kisha anamfungulia mlango akacheze na wenzake.

Mwalimu mkuu Sjoerd akaleta kahawa. "Wietske, jaza tu alama zao. Watoto wenye akili wapo. Nani atajua?"

"Mimi. Na uwanja mzima."

Akapiga mstari kwenye karatasi za wanaoona, akaacha ya Jildou, akapigia chuo. Walinung'unika wee, mwishowe wakampa wiki moja na shule nyingine ya kutafutia wanaoona.

Alipokuwa akifunga begi, Jildou akagonga dirisha.

"Mwalimu, huna mengine? Haya wameshayajua, hatoki mtu."

"Ninayo," akasema Bi Wietske, "lakini mbele yako leo sikohoi wala sisomi."