Mtu Aliyenichagulia Mashine ya Nati

Sikuwa nimekunywa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo swali la kwanza ninaloulizwa, na wengine hawaulizi, wananusa tu. Sikuwa nimekunywa, sikuwa na homa, na ilikuwa saa tisa mchana. Nilikuwa dukani katikati ya Lubumbashi, mvua inanyesha, na ninayokueleza niliyaona kwa macho haya. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi mwenyewe ningependa liwe jambo la kuchekesha.

Mimi ni kwado. Ndivyo tunavyomwita huku mtu anayeziba matairi kando ya barabara. Kibanda changu kiko Naviundu, mabati manne na kompresa moja. Maisha yangu yote ya kazi nimefungua na kukaza nati kwa spana ya msalaba. Nati ikigoma, nachomeka bomba refu kwenye mpini na kulilalia kwa uzito wangu wote.

Kaka yangu mkubwa, niliyemwita yaya Dido, alikuwa dereva wa teksi. Asubuhi moja, kabla mvua hazijaanza, alinijia na tairi la mbele limekwisha pumzi. Nililiziba, nikarudisha gurudumu, nikaziweka nati zote tano kwa vidole. Nikakaza mbili. Hapo dereva wa lori aliyekuwa anangoja akaanza kunitukana kwamba nampotezea foleni yake ya mpakani Kasumbalesa. Nikageuza kichwa kumjibu, tukajibizana, tukacheka hata. Nilipomgeukia tena kaka yangu, nililipiga gurudumu makofi mawili kama ilivyo desturi yangu, nikamwambia kazi imekwisha: "Ilisha, yaya. Enda."

Akaenda. Gurudumu lilichomoka kwenye barabara ya Likasi.

Unataka kujua nilijua lini? Siku ile ile. Waliponiletea habari, kabla hawajafika mwisho wa maneno yao, niliziona nati tatu mbele ya macho yangu, zimekaa kwa vidole. Nikanyamaza. Kwenye kilio nilinyamaza, kaburini nilinyamaza, na watu walisema, tazameni jinsi anavyomlilia kaka yake kimya kimya.

Ningekuwa nimenyamaza juu ya nafsi yangu peke yangu, labda ningezeeka na hilo. Lakini kwetu mtu mwenye nguvu hafi hivi hivi; lazima kuna aliyemuuza kwa uchawi. Siku ya tatu ya kilio, shangazi yetu mkubwa alisimama katikati ya mikeka akasema, "Pineu ya gari haitokake yenyewe. Kuna mutu alimuuza mutoto wangu." Kisha akamtazama mjane, mama Nadège. "Machozi yake iko wapi? Munaona machozi?"

Ilitosha. Mtu akakumbuka kwamba mama Nadège na mumewe waligombana usiku wa kuamkia ajali. Mwingine akakumbuka ndoto. Baada ya miezi minne ya minong'ono, ukoo ulipanga kikao cha Jumapili: mama Nadège atolewe ndani ya nyumba, arudi kwao Sakania, na watoto wake watatu wabaki kwetu. Kila mtu kwenye ukoo alikuwa na la kusema. Mtu mmoja tu ndiye aliyeujua ukweli, na huyo alikuwa anakula ugali wa mjane yule kila Jumatano, ameinamisha kichwa.

Ijumaa kabla ya kikao nilifunga kibanda nikaenda kununua mashine ya kukazia nati, ile ya betri. Niseme kweli kwa nini. Nilikuwa nimejiambia kwamba kosa lilikuwa la mkono. Mkono ulichoka. Mtu akiwa na mashine, mkono hauchoki, na kosa kama lile haliwezi kutokea tena. Nilijiambia hivyo njia nzima, na nilikaribia kuamini.

Duka ni la papa Amisi, ambaye wazee wake walitoka Maniema. Ananifahamu.

"Kwado! Leo unakuja kununua, ao kushika-shika tu kama kila siku?"

"Leo nanunua, papa."

"Alhamdulillahi. Basi leo nitakuachia ushike."

Aliniwekea mashine tatu juu ya meza. Pembeni alikuwa na gurudumu amelifunga kwenye kitako cha chuma, na nati zake tano, ili mteja ajaribu kabla ya kulipa. Umeme ulikuwa umekatika, na kwa mvua ile duka lilikuwa na giza kama ndani ya kabati.

"Betri zote ziko nyuma kwa chargeur," akasema. "Ngoja niwashe groupe, nione kama kuna yenye kushiba." Akaingia nyuma kwenye jenereta.

Nikabaki na mashine zangu tatu. Niliyatazama maboksi yake, namba kubwa kubwa zimeandikwa kwa rangi nyekundu, na sikujua nianzie wapi. Ndipo sauti ikasema karibu yangu:

"Usiangalie ile namba ya kwa carton."

Alikuwa mwanamume mfupi, koti la kahawia, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Hakuwa kaka yangu. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu watu wakinisikiliza hufika hapa wakasema, aah, alikuwa Dido. Kaka yangu alikuwa mrefu, na huyu sikuwahi kumwona popote.

"Namba kubwa ni ya kufungua," akasema. "Banaiandika juu inapendeza. Wewe tafuta ya kukaza."

Akaichukua mashine ya kwanza, akaipima mkononi. "Hii iko muzito. Fika saa kumi, mukono utalia." Akaiweka. Akaigeuza ya pili, akachungulia kwenye matundu ya kupozea. "Hii iko na charbon ndani, ile makaa yenye kusugua mota. Vumbi ya Naviundu itaikula mbele ya mwaka kuisha."

Je, nilikuwa nimemwambia kwamba natoka Naviundu? Sikuwa nimefungua mdomo. Lakini wakati ule nilifikiri ni fundi mwenzangu tu, aliyewahi kupita kwenye kibanda changu. Na niseme ukweli, nilifurahi. Tangu kaka yangu afe hakuna mtu aliyekuwa amesimama karibu nami na kuzungumza habari za kazi. Watu huniletea pole, halafu huondoka haraka. Huyu alisimama.

"Njo hii," akasema, akiichagua ile ya tatu. "Haina charbon, iko nyepesi, na inakaza kwa ngazi tatu. Ila sikiliza muzuri. Mashine haina akili. Itakaza yenye umeipa. Yenye hukuipa, haiijue."

Akaenda nayo kwenye lile gurudumu la majaribio. Nikamfuata. Alizilegeza nati zote kwanza, akazirudisha moja moja kwa vidole, zote tano. Kisha akabonyeza. Taa ndogo ya mbele ya mashine ikawaka, ikaangaza chuma, na kelele ikajaa duka, kama mvua ya mawe juu ya bati. Nati moja. Akaruka iliyofuata, akakaza nyingine. Mbili.

Hapo akasimama. Akageuza kichwa kuelekea mlangoni kama mtu aliyeitwa. Mlangoni hapakuwa na mtu. Lakini yeye alisikiliza, akainua kidevu kujibu, na nikamwona anacheka. Kisha akaligeukia gurudumu, akalipiga makofi mawili.

"Ilisha, yaya. Enda."

Alisema kwa sauti yangu. Sisemi sauti iliyofanana na yangu. Wewe unaijua sauti yako jinsi inavyosikika ndani ya kichwa chako, ambavyo hakuna mwingine anayeisikia? Ndiyo hiyo. Niliisikia inatoka kwenye mdomo wa mtu mwingine.

Nikasema, "Kuna tatu hazijakazwa."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

"Kumbe unajua," akasema.

Akaniwekea mashine mikononi, akatoka nje kwenye mvua kama mtu yeyote anavyotoka dukani. Hakuyeyuka, hakuruka. Niliuona mgongo wake ukipita kati ya watu waliojikinga chini ya baraza, halafu sikumwona tena.

Jenereta ikanguruma, balbu zikawaka. Papa Amisi akarudi na betri moja mkononi.

"Njo hii tu yenye kushiba. Leta mashine niitie."

"Iko na betri, papa. Tumeshaijaribu."

"Munaijaribu na nini?" Akaichukua, akaigeuza, akanionyesha chini ya mpini. Mahali pa betri palikuwa wazi, na plastiki ya kiwandani bado imefunika meno yake.

Nilimwonyesha gurudumu kwa kidole. Papa Amisi akachomeka betri, akaijaribu nati ya kwanza iliyokazwa. Mashine ikapiga, ikapiga, nati haikusogea. Akachukua ile nzito. Hapana. Akaleta spana na bomba, tukalilalia wote wawili, na kitako chenyewe kikanyanyuka sakafuni, nati imekaa. Zile nyingine tatu alizizungusha kwa kidole kimoja.

Akauondoa mkono haraka. "Audhu billahi," akasema.

"Papa, uliona ule mutu?"

"Nilimuona. Aliingia pamoja na wewe. Alikuwa anakushika bega." Akanikazia macho. "Mi nilifikiri ni ndugu yako."

Sikununua kitu siku ile. Nilitembea kwa miguu hadi Naviundu, na mvua sikuihisi.

Jumapili nilikwenda kwenye kikao. Walikuwa wamekaa uani kwa marehemu, shangazi kwenye kiti chenye mikono, wajomba kwenye benchi, mama Nadège chini kwenye mkeka na mtoto wake mdogo amemshikilia nguo. Mifuko yake miwili ilikuwa imeshatolewa nje na kuegemezwa ukutani. Shangazi alipotaka kuanza, nilisimama.

Mimi si msemaji. Nilisema kwamba niliweka nati tano, nikakaza mbili, nikamwambia kaka yangu kazi imekwisha. Nilisema nimelijua hilo tangu siku ya kwanza. Nilisema mama huyu hakumuuza mtu.

Shangazi akacheka kwa pua, akamnyooshea mjane kidole. "Munaona? Amefika mpaka kwa mudomo ya huyu. Njo yeye anamusemesha."

"Hapana, tantine," nikasema. "Kama mutu ananisemesha, ni juu nilikuwa nimenyamaza." Nikawaeleza habari za gurudumu tena, polepole, ni nati zipi na niliziacha vipi, na lori lilikuwa la rangi gani. Mjomba mkubwa, ambaye baba yake alikuwa mtu wa reli na yeye mwenyewe ameshika spana maisha yake yote, aliniuliza maswali mawili ya kifundi. Nikamjibu. Akasema mifuko ya mama Nadège irudishwe ndani. Kisha akaniambia mimi nitoke, na nisirudi hadi nitakapoitwa.

Sijaitwa bado.

Kabla ya kutoka nilipiga magoti mbele ya mkeka wa mama Nadège. Nilitegemea nini? Sijui. Labda anipige. Hakunipiga. Alinena chini chini, kama mtu anayehesabu.

"Miezi mine. Kila Jumatano ulikuwa unakula hapa. Nilikuwa nakuongezea musosi ya kukulia ugali, juu nilikuwa nasema, huyu peke yake ndiye hanisemi mubaya."

Basi. Hadi leo hajaniambia neno jingine.

Kazi naendelea nayo. Nimenunua mashine baadaye, duka jingine, kwa sababu papa Amisi hunisalimu akiwa mbali. Ni nzuri, inaokoa mgongo. Lakini kila gurudumu nalimalizia kwa mkono, nati moja moja, nahesabu kwa sauti, na madereva wananicheka kwamba kwado amekuwa mwalimu wa shule ya watoto. Na mara nyingine, nikiwa nimeinama peke yangu, nahisi uzito kwenye bega la kushoto. Sigeuki. Nimejifunza kutogeuka. Jioni nafunga kibanda, napika kidogo, nakula nikiutazama ukuta.

Wewe unayenisoma, sikujui, na sitaki kujua umeficha nini. Nakuonya tu kwamba huyo mtu anakuja. Hakuja kunilaani, alikuja kunionyesha kwamba najua. Na usifikiri kwamba ukisema siku ya mwisho utakuwa umesema kwa wakati. Mimi nilisema, nyumba ikabaki ya mama Nadège, ukoo ukanyamaza. Lakini kwa miezi ile minne watoto walikuwa wanasikia mama yao akiitwa mchawi. Jirani yao ameniambia kwamba yule mdogo, wa miaka sita, hadi leo hagusi chakula alichopika mama yake mpaka dada yake aonje kwanza. Mama yake anangoja, sahani mkononi.