Nilifuta mchuzi mezani, nusura dada wa watu apoteze kazi

Wakuu, salaam kutoka Stockholm. Naanza na kosa lenyewe nisije nikajificha nyuma ya maneno: nilifuta meza. Nitaeleza yote, hata yanayonitia aibu.

Kampuni moja ya Uingereza ilikuja kurekodi tamthilia ya TV huku. Story ni ya familia ya Warundi, na walikodi flati ya mtu Hässelby, kitongoji cha hapa, kwa siku mbili tu.

Nilipata kibarua cha kusaidia vitu vya kwenye seti: sahani, vikombe, mapazia. Sijasomea. Nilijifunza kwa video za mtandaoni chumbani kwangu Upplands Väsby, hivyo muda wote nilihofia kuumbuka.

Halafu nina ugonjwa wangu. Kitu kikikaa upande, situlii.

Scene yenyewe: baba anagombana na binti yake mezani, anamwaga mchuzi, kisha analia. Mchuzi aliupika dada Consolata, Mrundi wa Spånga, ndiye aliyeshika chakula chote cha kwenye kamera.

Yule mzee aliyeigiza baba alilia mpaka sisi wengine tukainamisha vichwa.

Wakahamisha kamera upande wa pili ili warudie scene ileile wakimwonyesha binti. Watu wakaenda kunywa kahawa.

Mimi nikabaki naitazama meza. Mchuzi umetapakaa, kiti kimekaa upande. Nikachukua kitambaa, nikafuta, nikanyoosha kiti. Nikajiona fundi kweli.

(Kwa msiojua: hapo hakuna anayeruhusiwa kugusa kitu. Vipande vikiunganishwa, mchuzi hauwezi kuonekana halafu ghafla ukapotea.)

Mama wa Kiingereza anayelinda mwendelezo wa picha akarudi, akasimama mlangoni, akauliza nani amegusa meza.

Nikakikunja kitambaa kiganjani. Dirishani mwanga wa majira ya baridi ulishaanza kuondoka, na scene iliuhitaji.

Msaidizi wa mwongozaji akamgeukia Consolata, maana chakula ni idara yake. Akamwambia akusanye sufuria zake na kesho asije.

Alijibu mara moja tu kwamba si yeye. Kisha akaniambia kwa Kiswahili, sauti ya chini, kama anayeniomba kijiko:

"Mdogo wangu, hicho kitambaa ficha. Watakuona."

Wakuu, alikuwa ameniona. Anafukuzwa, na bado ananilinda mimi.

Nikainua kitambaa, chekundu kwa nyanya, nikasema ni mimi.

Hakuna aliyenifokea, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. Yule mama alifungua picha alizopiga, Consolata akamwaga mchuzi upya, doa kwa doa, mimi nikirudisha kiti upande kilivyokuwa. Mzee alikaa pembeni amefumba macho. Alisema hajui kama machozi yatarudi.

Yalirudi, machache. Walimaliza dirisha likiwa limeshakuwa bluu.

Consolata hakuombwa msamaha. Aliambiwa tu kesho alete mchuzi zaidi.

Kituoni tukisubiri treni nikamwomba radhi mimi. Akacheka.

"Wewe oa haraka. Mkeo atapumzika sana."

Nilichojifunza: usafi wangu ulikuwa woga. Nilitaka nionekane najua, na mwingine akakaribia kulipa. Kama nawe uliwahi kuharibu kazi kwa kutaka iwe safi mno, tiririka hapo chini, hata kunicheka ruksa.

Kazi niliendelea nayo. Siku hizi sigusi kitu kwenye seti bila kuuliza, na watu wakienda kunywa kahawa, naenda nao.