Kichwa cha Nasir na Helmeti Yako

Fainali ile ya mtaani Ghala, hapa Maskati, naikumbuka, mjukuu wangu Harith, wala sihitaji picha. Wakati huo magereji hayajajaa, uwanja wetu changarawe tupu, ukianguka unainuka na mawe gotini. Sisi vijana tuliorudi kutoka Unguja tulikuwa na timu yetu, na mimi nilikuwa beki wa kati. Sijisifu, lakini waulize wazee wenzangu: washambuliaji walikuwa hawapendi kupita upande wangu.

Nakwambia haya kwa sababu ya maneno yako ya jana tukila chakula cha mchana. Umerudi likizo kutoka Marekani na mpira wao wa helmeti na mabega ya plastiki, ukawa unawatania binamu zako kwamba mpira wetu ni wa kujigaragaza mtu akiguswa kidogo. Haya, hapo una haki yako. Nami nawaona kwenye televisheni, mtu mzima analia kama kang'olewa mguu, mara anakimbia. Naona haya mimi. Na video zako nimezitazama. Wallahi kifua kilinijaa. Mnagongana kila mpira unapoanzishwa, na mjukuu wangu haogopi. Sisi hatukugongana hivyo. Sisi vilitumaliza vifundo vya miguu na magoti, na goti hili la kulia ndilo linalonifanya nisali nimekaa kitini.

Lakini ukaongeza kisa, huku ukicheka: uligongwa mechi ya mwisho, ukamaliza mchezo, na hukumbuki ulivyorudi bwenini. Na kocha hukumwambia, asije akakuweka nje msimu ukianza. Wote wakacheka. Mimi tonge nikalirudisha sahanini.

Sasa nisikilize. Kwenye fainali ile, mshambuliaji wetu Nasir, hodari kuliko sote, aligongana vichwa na beki wao kwenye kona. Helmeti hakuna, fuvu kwa fuvu. Akalala kidogo, akainuka, akajikung'uta vumbi, akaniuliza tunashambulia goli lipi. Desturi yetu ilikuwa maji baridi ya kichwa, kisha mtu anafungwa kilemba kikakaza sawasawa, anarudi kucheza. Tuliamini kichwa kilichofungwa kimepona. Wachezaji wa akiba walikuwa wamekwisha. Nikachukua kilemba cha mtazamaji mmoja, nikaanza kumfunga.

Maalim Khalfan, aliyekuwa akitufundisha mpira, akanishika mkono.

"Unafunga nini, we Suleiman?"

"Kichwa, Maalim. Kikikaza atacheza."

"Hicho unakifunga kwa nje. Kilichotikisika kiko ndani. Huko utakifikisha vipi kitambaa chako?"

Nasir alikataa kutoka, akasukuma watu, akalia kwa hasira. Maalim akamtoa vivyo hivyo, akampeleka hospitali mwenyewe, fainali akaiacha pale pale. Tukacheza pungufu, tukafungwa. Nami nnaringa na mechi ile kuliko zote tulizoshinda. Nasir alipumzika mpaka daktari alipomruhusu, kisha akatufungia mabao miaka na miaka. Leo ana wajukuu, na tukicheza dhumna barazani hanipi hata nafasi ya kupumua.

Helmeti yako naiheshimu, mwanangu. Inakinga fuvu lisipasuke. Lakini ubongo unatikisika humo humo ndani, na nyinyi mnagongwa mara nyingi kuliko sisi. Goti likikuuma, unajua linakuuma, na kuvumilia kidogo si vibaya. Kichwa ni mambo mengine. Kikigongwa, anayekwambia "niko sawa" ni kichwa hicho hicho kilichogongwa. Usimsadiki.

Basi nasaha yangu ni hii. Kabla hujafunga sanduku, mpigie kocha wako umweleze yote. Daktari nitakupeleka mimi, hapa hapa Maskati. Wakikuweka nje, kaa nje, nami nitawaambia watu barazani kwamba mjukuu wangu ni mwanamume kwelikweli. Ushujaa wako nimeshauona, sina shaka nao. Ninachokitaka ni kwamba siku utakayokuja kunizika, ujue unamzika nani.

Mungu akupe nguvu za mwili na akili timamu, akuzidishie miaka mingi uwanjani, na kila safari akurejeshe kwetu ukitujua sote. Haya baba, ichukue simu.