Chupa ya Pili ya Naitrojeni

Mjomba wangu wa Korogwe ni mtaalamu wa mifugo. Miaka ile mtungi wake wa naitrojeni, kimiminika chenye baridi kupita barafu, ndio ulikuwa unahifadhi mbegu za madume bora ya ng'ombe kwa wafugaji mpaka Handeni. Mimi nilikuwa nasomea metali. Mashine ya baridi ya chuo ilikufa, na msimamizi wangu akaniambia bila hata kuniangalia usoni kwamba bila vipimo vya baridi kali nisahau shahada. Basi nikaenda kumpigia mjomba magoti.

"Chupa moja tu, mwanangu," mjomba alinionya, akinijazia chupa ya chai isiyo na kifuniko. "Mtungi ukikauka, mbegu zote zimekufa."

Uani nilikuwa na fremu ya chuma niliyoichomelea na mawe ya kuvutia nyaya. Shaba ya nyaya zangu ilikuwa imefinywa mpaka chembe zake za ndani zikawa ndogo kupita kiasi. Katika joto la kawaida shaba ya hivyo ni ngumu, lakini ukiivuta kidogo tu inakonda mahali pamoja na kukatika. Ndani ya baridi ile, wengi wangeapa itapasuka kama glasi. Thubutu! Ilikaza zaidi, na bado ikavutika mwili mzima, jiwe baada ya jiwe. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Kisha naitrojeni ikaisha, na waya wa kulinganisha, wenye chembe kubwa, nilikuwa sijaupima.

Mjomba alikuwa amesafiri kwenda Mpale kwa siku nne. Ufunguo wa stoo ya mtungi nilijua unakaa wapi. Nikachota chupa ya pili, na sikuangalia kilichobaki.

Mtungi ulikauka. Gari la kujaza naitrojeni lilikuja mapema kuliko mjomba, naye aliporudi akapima kwa kijiti, akaona umejaa, akaridhika. Mimi nilijua. Nilinyamaza, mshenzi mimi, kwa sababu vipimo vyangu vilikuwa vimetoka vizuri.

Kuna mama mmoja mfugaji wa Handeni ambaye ukame ulimwachia jike moja tu. Alitaka ndama mmoja ili aanze upya. Mjomba alimpandishia ng'ombe wake mbegu zile, hakushika mimba. Wiki tatu baadaye tena, hakushika. Mara ya tatu, vilevile. Wenzake walirudia madume yao. Yeye hakuwa na dume.

Akaja Korogwe na kunikuta peke yangu barazani. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Wewe umesoma. Hivi ng'ombe wangu ana kosa gani?"

Neno lilikuwa mdomoni, wallahi. Nikalimeza. Nikamwambia labda ni tasa.

"Kumbe," alisema taratibu, akajifunga shuka vizuri, akaondoka.

Jumamosi akanipigia simu kutoka Kabuku, machinjioni. Ng'ombe alikuwa ameshachinjwa. Alitaka tu kunishukuru kwa kumwambia ukweli, maana angeendelea kumlisha bure.

"Usijali, mama," nikamjibu.