Kijiji Nilichokikariri

Kwa miezi mitatu nilikariri kijiji kimoja cha Ufaransa. Wenyewe hukiita komuni, na ingawa watu wake ni wachache kuliko wanaopanga foleni kwenye zahanati yetu siku ya kliniki, kina meya wake. Nilijua kimekaa bondeni, mto unakizunguka upande wa kusini, na juu ya vilima vya chokaa kuna mashamba ya ngano. Nilijua pia majengo yake ya kale yanayolindwa na serikali: kanisa lenye mnara uliopinda kidogo, daraja la mawe, jumba la njiwa, na banda ambamo wanawake wa zamani walipiga magoti kufua nguo.

Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya Kifaransa, nimerudi Nyarugusu kwa mama anayepikia wachimbaji wa dhahabu chakula. Niliomba nafasi moja tu: kujitolea mwaka mmoja katika shule na maktaba ya kijiji hicho. Sikuwa na mpango mwingine.

"Pa kufulia panalindwa?" mama aliuliza siku nilipomwonyesha picha.

"Ndiyo. Kuna hata kibao."

"Miaka yote ninayofua mimi, kibao changu kiko wapi?" Akacheka. "Na njiwa wamejengewa jumba la mawe! Sisi tuko kwenye bati."

Hakukuwa na mwingine wa kuzungumza naye habari hizo. Wachimbaji walipokuja kula waliniita Mfaransa. "Mfaransa, ndege bado haijaja? Shika basi sururu wakati unaisubiri." Nilicheka nao, kisha nikakaa nikijiuliza kama nilicheka kwa kuchelewa.

Siku ya usaili kwa njia ya video, mama alimwendea mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe iliyo jirani yetu, akamsihi aizime kwa nusu saa. Akakubali. Sijawahi kusikia kimya kama kile saa nane mchana. Kwenye simu walikuwepo mwalimu kijana na mama mmoja mtu mzima, msaidizi wa meya. Nilieleza mto, vilima, hata mnara uliopinda. Yule mama alitabasamu.

"Unatujua vizuri," alisema. "Na kwenu? Ningekuja, ungenipeleka kuona nini?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikisifu kwetu, wataona sitaweza kukaa mbali. Nikitaja dhahabu, watadhani ninayo. Nikitaja mashimo, wataogopa. Nilizunguka humo kichwani mpaka nikaona wananingoja.

"Hakuna kitu," nilisema, nikitikisa kichwa. "Ni machimbo tu."

"Hakuna?"

Nilitabasamu. Akaandika neno fupi kwenye karatasi yake.

Karasha lilipowashwa, mama alikuja akijifuta mikono. "Walikuuliza habari za kwetu?"

"Waliuliza."

"Ukasemaje?"

Ningeweza kudanganya. "Nilisema hakuna kitu."

Hakunigombeza. Alirudi kukoroga maharage, na siku ile hakunisemesha tena, ila kuniomba chumvi.

Baada ya wiki mbili walinijibu kwamba wamemchagua mwingine. Hawakutaja sababu. Nilisoma barua pepe ile mara nyingi nikiitafuta sababu hiyo, ingawa niliijua. Nilipomwambia mama, akasema, "Waandikie."

"Wameshachagua, mama."

"Nafasi wabaki nayo. Mtu mzima alikuuliza kwa heshima, ukamjibu hovyo. Mwandikie."

Alisema huku akimenya viazi. "Andika mwamba tunaoanikia michembe. Una vishimo vya kusagia mtama, bibi yako alivikuta. Andika kisima cha kule bondeni, tulikichimba wanawake peke yetu, nikiwa na mimba yako. Andika na duara la baba yako, lililokusomesha."

"Lilishafukiwa."

"Basi andika lilipokuwa."

Michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, tumeila maisha yangu yote, lakini vile vishimo nilidhani ni mvua iliyovichimba.

Ilinichukua siku nne. Sikupata neno la Kifaransa la duara, nikaeleza kwa sentensi tatu jinsi watu wanavyoshuka kwa kamba kwenye shimo jembamba kutafuta mwamba wenye dhahabu. Niliogopa yule mama atadhani nabembeleza nafasi, nikafuta mwisho wote wa shukrani. Kisha nikaogopa kwamba bila mwisho barua inaonekana ya hasira, nikaurudisha. Nilipoituma, mama aliuliza kama nimetaja kwamba waliochimba kisima walikuwa wanawake peke yao. Nilikuwa nimetaja.

Hadi naandika haya, hakuna aliyejibu. Simu yangu ikilia, mama huinua macho kutoka jikoni. Natikisa kichwa, naye anarudi kwenye sufuria.